Mwenye jina ndiye ashike kalamu: nani aongoze shirika la watu wa transijenda?

Mahali pote penye shirika la kusaidia watu, swali moja hurudi: kiongozi atoke wapi? Atoke miongoni mwa wale wanaosaidiwa, ao atoke nje, mtu mwenye diploma, gari na marafiki katika maofisi? Kwa mashirika ya wakulima, ya wajane ao ya walemavu, jibu limezoeleka: mkulima aongoze wakulima. Lakini kwa mashirika yanayosaidia watu wa transijenda, wengi husita. Husemwa kwamba afazali mtu «wa kawaida» awasemee, kwa sababu wao wenyewe hawatasikilizwa. Mawazo hayo yana kosa, na kosa lake linaonekana vizuri zaidi kwa macho ya mtu aliyewahi kukimbia vita.

Kwanza, maneno yaeleweke. Mtu wa transijenda ni yule ambaye wakati wa kuzaliwa aliandikwa mwanaume ao mwanamke, lakini yeye mwenyewe anajijua tofauti na vile alivyoandikwa. Wako pia wasiojiona kuwa mwanaume tu wala mwanamke tu. Hao si watu wapya, na si ugonjwa ulioletwa na simu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliondoa jambo hili katika sura ya magonjwa ya akili. Na Kiswahili chenyewe hakikungoja Geneva. Anayesema «yeye amefika» hajasema kama aliyefika ni baba ao mama. Karatasi za Kifaransa za ofisini ndizo zinazodai M ao F kabla ya kuuliza mtu ana shida gani.

Wakaaji wa Kivu na Ituri waliolala chini ya mahema wanajua kitu kimoja ambacho wataalamu wengi hawakijui: orodha ni uhai. Jina likiandikwa vibaya, unga haufiki. Herufi moja ikipotea kwenye jetoni, mama anarudi mikono mitupu na watoto wanalala njaa. Kadi ya mpiga kura ya CENI, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mkongomani, ikiungua pamoja na nyumba, mwenye kadi anageuka mtu asiye na uso mbele ya askari wa kizuizi. Ataulizwa: «Wewe ni nani? Nani anakujua?» Na mara nyingi anayejibu badala yake ni mtu mwingine, anayeandika anavyotaka.

Mtu wa transijenda anaishi hali hiyo kila siku, hata pasipo vita. Kadi anayo, lakini kadi inasema jina moja na uso unasema lingine. Kwenye kizuizi anashukiwa kuwa mwizi wa kadi. Kwenye hospitali muuguzi anaita jina kwa sauti, watu wote wa benchi wanageuka, na mgonjwa anaona afazali arudi nyumbani na homa yake. Vita vikimkuta, anapata shida mara mbili: kwanza risasi kama wengine, kiisha foleni ya choo na bafu zilizogawanywa mbili, ambamo kila upande anafukuzwa. Na mahali ambapo jetoni inaandikwa kwa jina la kichwa cha familia, aliyefukuzwa na familia yake anabaki bila mahali pa kuandikwa.

Shirika likitaka kusaidia mtu wa namna hiyo, kazi yake ya kwanza si semina ya hoteli. Kazi ya kwanza ni jina na karatasi. Hapo ndipo swali la kiongozi linapata jibu lake, kwa maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mfano ulio karibu uko Nairobi. Huko kuna shirika linaloitwa Transgender Education and Advocacy. Mmoja wa viongozi wake anayejulikana hadharani ni Audrey Mbugua, mwanamke wa transijenda. Walipoomba shirika liandikishwe, ofisi ya serikali yenye kusimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa. Sehemu kubwa ya mvutano ilikuwa majina na jinsia ya wale walioomba. Kwa maneno mengine, shirika lililoundwa kwa sababu ya shida ya karatasi lilizuiliwa na shida ileile ya karatasi.

Kama kiongozi angekuwa mtu wa nje, njia nyepesi ilikuwepo: kuweka majina mengine kwenye ombi, watu wasio na mgogoro wa jina, na mambo yaishe. Shirika lingepata muhuri, lakini wenye shida wangebaki nyuma ya pazia, wakiongozwa na majina ya wengine. Wao walikataa njia hiyo. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Julai 2014 mahakama ikaamua kwamba ofisi ile haikuwatendea haki, ikaiamuru iliandikishe shirika.

Miezi mitatu baadaye, mwanzoni mwa Oktoba 2014, Mbugua alishinda kesi yake nyingine. Cheti chake cha kumaliza shule ya sekondari kilikuwa na jina ambalo si lake tena, na kila mwajiri aliyekitazama alitazama kiisha akafunga mlango. Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani la Kenya litoe cheti kipya chenye jina lake la sasa, na kisichokuwa na alama ya jinsia. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: alama alizopata katika hesabu na biolojia ni za yule yule aliyefanya mtihani, awe ameandikwa M ao F.

Mfano wa pili unatoka kusini. Mjini Cape Town kuna Gender DynamiX, shirika lililoanza mwaka wa 2005, linalojulikana kuwa la kwanza barani Afrika kushughulikia watu wa transijenda peke yao. Kati ya waliowahi kuliongoza ni Tshepo Ricki Kgositau, mwanamke wa transijenda kutoka Botswana. Alikuwa akisaidia wengine kupata karatasi zao, na huku kitambulisho cha nchi yake mwenyewe kikiendelea kumwita mwanaume. Alikwenda mahakamani Botswana, na mwezi wa Desemba 2017 Mahakama Kuu ikaiamuru serikali imwandike mwanamke. Miezi michache kabla ya hapo, mwanaume mmoja wa transijenda naye alishinda kesi kama hiyo katika nchi ileile.

Mambo mawili yanatoka katika mifano hii. La kwanza: kiongozi mwenye shida ileile anajua shida inaanzia wapi. Mtu wa nje angeanza na hotuba juu ya «kukubalika katika jamii». Hawa walianza na cheti, kitambulisho na muhuri, kwa sababu wanajua mlango unaofunga kila siku ni upi. La pili: yeye hawezi kuichoka shida hiyo na kwenda zake. Mkuu wa programu akimaliza mkataba wake, anahamia kwenye malaria ao kwenye maji safi. Mwenye kadi isiyofanana na uso wake hana mkataba unaomalizika.

Lakini je, mambo ya Nairobi na Cape Town yanahusu Goma, Bunia ao Uvira? Yanahusu, na ni vema sheria ya nchi isomwe kwa utulivu, si kwa uvumi wa sokoni. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 11, inasema watu wote wanazaliwa huru na sawa katika heshima na haki. Kifungu cha 12 kinawapa Wakongomani wote ulinzi sawa wa sheria. Kifungu cha 37 kinahakikisha uhuru wa kuunda mashirika. Ni kweli kwamba kifungu cha 40 kinaweka ndoa kati ya watu wa jinsia mbili tofauti. Lakini shirika la kusaidia watu si ndoa, na mtu kuwa wa transijenda si kosa lililoandikwa katika kanuni ya adhabu ya Kongo. Kinachotumiwa kuwatisha ni kifungu cha 176, kinachozungumzia kuvunja tabia njema hadharani, kifungu kipana ambacho polisi anaweza kukivuta anakotaka. Mapendekezo ya sheria kali zaidi yaliwahi kupelekwa bungeni Kinshasa, mwaka wa 2010 na tena 2013, lakini hayakupita.

Kuhusu mashirika, sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza mashirika yote yasiyotafuta faida. Muhuri wa mwisho unatoka kwa waziri wa sheria. Na kuhusu jina, Kanuni ya Familia ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inakubali mtu aende mahakamani kuomba kubadili jina akiwa na sababu ya haki. Mlango ni mwembamba, na jinsia iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa ni jambo gumu zaidi. Lakini mlango upo, na wa kwanza kupita hapo atakuwa yule anayeumwa na jina, si yule anayeandika ripoti juu yake.

Inapashwa kusemwa pia kwamba ushindi wa mahakamani hauji upesi. Kenya ileile, shirika lingine lenye kutetea mashoga na wasagaji lilikataliwa kuandikishwa, likafungua kesi mwaka wa 2013. Lilishinda mwaka wa 2015, likashinda tena kwenye rufaa mwaka wa 2019, na mwisho Mahakama ya Juu ikaamua tarehe 24 Februari 2023, majaji 3 dhidi ya 2. Miaka kumi kwa ajili ya haki ya kuwa na jina na muhuri tu. Kiongozi asiye na mizizi katika jambo hilo hangoji miaka kumi.

Na upande wa mashariki wa mpaka hali imekuwa nzito zaidi. Uganda, nchi inayopokea mamia ya maelfu ya wakimbizi Wakongomani, ilisimamisha kazi za shirika kubwa la kutetea watu hao mwezi wa Agosti 2022, ikisema halikuandikishwa, ingawa ofisi nyingine ya serikali ndiyo ilikuwa imekataa kuliandikisha. Mwezi wa Mei 2023 ikaja sheria kali dhidi ya ushoga, yenye adhabu mpaka kifo kwa makosa fulani. Sheria hiyo haikuandikwa kwa jina la transijenda, lakini jirani mwenye chuki hatofautishi. Kijana wa transijenda wa Rutshuru ao Beni anayevuka Bunagana ao Kasindi ili kuokoa maisha anaacha bunduki nyuma, anakutana na hofu nyingine mbele.

Wako wanaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa bila matusi.

Hoja ya kwanza ni kwamba wakati watu wanakufa kwa vita, si wakati wa kuzungumza mambo haya. Lakini vita haviulizi mtu ni wa transijenda ao hapana kabla ya kumhamisha. Kama ni aliyehama, basi ni mmoja wa waliohama, na kilo zake za unga zinahesabiwa pamoja na za wengine. Hakuna anayeomba apewe zaidi. Kinachoombwa ni kwamba asiondolewe kwenye foleni.

Hoja ya pili ni ya mila na imani: kwamba mambo haya ni ya wazungu. Makanisa na misikiti yana haki ya kufundisha waamini wake. Lakini makanisa hayohayo ndiyo yaliyofungua shule na viwanja vyao kwa waliohama, bila kuuliza dini ya mtu mlangoni. Msimamo huo ndio unaofaa hapa pia. Mtu anaweza kutokubaliana na maisha ya jirani yake na bado akamkataza kijana wake kumpiga mawe. Tena, watu kama hawa hawakushuka na ndege: wazazi wa vijiji vingi wanamkumbuka mtu mmoja aliyekuwa «tofauti», aliyelima shamba lake na kuzikwa na jamaa zake.

Hoja ya tatu ni ya kazi: kwamba watu hawa hawana masomo ya kuongoza shirika. Hoja hii ndiyo yenye uzito, na jibu lake si kukana. Wengi walifukuzwa shuleni ao nyumbani mapema. Wengine wana diploma zenye jina ambalo hawawezi kulionyesha. Lakini dawa ya kukosa mafunzo ni mafunzo, si kuwekewa msemaji wa maisha yote. Mtu wa hesabu anaweza kuajiriwa, na mwanasheria pia. Kinachopashwa kubaki mikononi mwa wenye shida ni uamuzi: feza ziende wapi, nani apokelewe kwanza, jina la nani litajwe na la nani lifichwe.

Hilo la mwisho ni zito kuliko yote. Katika Kivu ya leo, ambapo mji unaweza kubadilisha watawala kwa usiku mmoja, orodha ya majina ya watu wa transijenda ni silaha. Mtu wa nje hupenda picha, kwa sababu mfadhili anapenda picha. Kiongozi mwenye kuishi hali hiyo anajua kwamba picha moja kwenye Facebook inaweza kumfikisha mtu kaburini. Anajua kuweka namba badala ya jina. Anajua ofisi isiyokuwa na kibao inaweza kuokoa wengi kuliko ofisi yenye bendera.

Hata hivyo, kuwa wa transijenda peke yake hakumfanyi mtu kuwa kiongozi mwema. Kongo inayajua sana mashirika ya mfukoni, yale ambayo ofisi yake ni sanduku la mtu mmoja, prezida ni yeye, mweka hazina ni mke wake, na karani ni mdogo wake. Ugonjwa huo hauchagui jinsia. Wanaoongoza mashirika haya wanapashwa kupimwa kwa kipimo kilekile cha wengine: mkutano mkuu unafanyika? Hesabu zinasomwa mbele ya wanamemba? Prezida ana muda wa kuondoka? Analalamikiwa wapi akimtendea mtu vibaya? Huruma kwa mateso ya kiongozi isiwe sababu ya kutomuuliza feza zimekwenda wapi. Kumsamehe asitoe hesabu ni namna nyingine ya kumdharau, ni kumhesabu kama mtoto.

Tena kuna somo la mwaka wa 2025. Tarehe 20 Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na siku chache tu baadaye Goma ikaanguka. Mashirika yaliyotegemea mfuko mmoja yalifunga mlango, pamoja na yale yanayofikisha dawa za UKIMWI kwa watu ambao shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI linawahesabu kati ya makundi yaliyo hatarini zaidi, watu wa transijenda wakiwemo. Likelemba ya wanamemba, hata ya franga kidogo, haijazi pengo la milioni za dola. Lakini inaweza kulipa pikipiki ya kumfikisha mgonjwa, na inaacha shirika likiwa hai siku mfadhili akienda. Shirika linaloongozwa na wenyewe lina sababu ya kubaki hata pasipo mshahara. La mtu wa nje linabaki muda wa mkataba.

Kwa hiyo yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja sheria mpya. Wanaoandika majina ya waliohama waulize «unaitwa nani?» kabla ya kusoma kadi, na waandike majibu yote mawili bila kupiga kelele. Vituo vya afya viite wagonjwa kwa namba. Komite za waliohama zikubali malalamiko ya mtu yeyote yaletwe kwa siri, na mlango mmoja wa choo chenye kufuli uachwe kwa yeyote anayeogopa foleni. Utawafaa pia wasichana na walemavu. Wafadhili waache kuuliza picha. Na mashirika makubwa ya kutetea haki yanapozungumza juu ya watu wa transijenda, yatoe kiti, si kuazima majina yao kwa ajili ya ripoti.

Waliohama wamelalamika miaka mingi kwamba mikutano juu yao inafanyika katika hoteli ambazo hawaingii, na maamuzi yanafika kambini yakiwa yamepigwa muhuri tayari. Malalamiko hayo ni ya haki. Na haki hiyo haigawanyiki: anayedai asisemewe na mtu asiyejua usiku wa hemani, hawezi kumnyima jirani yake wa transijenda haki ileile ya kushika kalamu na kuandika jina lake mwenyewe.